Nani analipa? Niliyojifunza kuhusu mshahara wa daktari

Saa tisa usiku, Busia upande wetu wa Uganda, nimetoka thieta sasa hivi, glovu nimeshatupa lakini kofia bado iko kichwani, na mbele yangu pale kibarazani kwenye klinik kuna mwanaume wa boda anahesabu pesa kwenye benchi. Noti za elfu moja, za elfu mbili, sarafu za mia tano, zingine zimelowa mvua, anazinyoosha moja moja kwa kiganja na kuzipanga mafungu. Mke wake yuko ndani na mtoto wa kiume wa kilo tatu na kidogo, wote wazima namshukuru Mungu. Bili ya operesheni ilikuwa laki nane, yeye alikuwa na laki tano na kitu, zilizobaki ndugu zake walikuwa wanachangishana kwa simu usiku huohuo. Na mimi kwenye hizo laki nane nilikuwa nipate laki moja na nusu, ndo tulivokubaliana na mwenye klinik, kila operesheni laki moja na nusu, asubuhi mkononi.

Nilisimama pale nikaona kitu ambacho miaka mitano ya chuo na mwaka mzima wa intanishipu, yale mafunzo ya kazini baada ya chuo, haikunionyesha. Mshahara wangu wa usiku ule ulikuwa pale kwenye benchi, umelowa. Hakukuwa na ofisi nyuma yake, hakukuwa na bajeti, hakukuwa na bima, kulikuwa na mtu mmoja na boda yake. Asubuhi mwenye klinik alinipa elfu themanini akasema nyingine atanimalizia yule mtu akilipa, na sikumdai tena, manake ningemdai nani, ningemfata mama ambaye nimemshona mwenyewe nimwambie mumeo auze pikipiki?

Mi nimezaliwa kambini, baba alikuwa polisi, koplo, tumezungushwa Soroti, Mbale, mwisho Tororo, na kambini Kiswahili ndo lugha ya kila mtu manake jirani huyu Mteso, yule Mlugbara, yule Mgisu, mtaelewana kwa nini kama si Kiswahili. Mama alikuwa anauza chapati na maharage kwenye geti. Siku nimepata nafasi ya udaktari wanawake wa kambi walikuja kumpigia vigelegele, mmoja akamwambia, mama wee, sasa umeshatoka kwenye moshi. Mama alibaki kwenye moshi miaka mingine mingi. Naandika haya kwa sababu bado napigiwa simu na watu wa kule kambini wana mtoto anataka kusoma udaktari, swali la kwanza ni daktari analipwa ngapi, na kila mara nashindwa kuwapa namba moja kwa sababu namba moja haipo. Nimefanya kazi sehemu tano, mikono ni hiihii, akili ni hiihii, na kila sehemu thamani yangu ilikuwa tofauti kabisa.

Kazi ya kwanza nilipata kwenye hospitali moja ya misheni, mbali na mji. Nilipigiwa simu Alhamisi, wakasema njoo Jumatatu, nikaenda na begi. Msimamizi akaweka karatasi mbele yangu, milioni moja na laki mbili kwa mwezi pamoja na nyumba, nikasaini hapohapo na kalamu yake. Sikuuliza hata swali moja. Nilikuwa na njaa ya kazi, na nilikuwa nimelelewa kwamba ukipewa kitu na mkubwa unapokea kwa mikono miwili unasema asante. Nyumba ilikuwepo kweli, lakini bomba lilikuwa kavu, na kila wiki nilikuwa nanunua maji kwa jerikeni, sabuni, mkaa, ukijumlisha unakuta ile nyumba ya bure inakula kama laki moja na ushee kwa mwezi.

Mwezi wa tano akaja daktari mwenzangu, mwanaume, tulimaliza mwaka mmoja na yeye. Tukawa marafiki, na siku moja tunakula posho, yaani ugali, na samaki nyuma ya jiko la hospitali akataja mshahara wake hivihivi tu, laki tatu zaidi yangu. Kazi ileile, zamu zilezile, na mimi ndo nilimwonyesha hata pa kuweka kadi za wagonjwa. Nikamuuliza ulifanyaje, akaniambia nilisema haitoshi, wakaongeza. Basi. Nikaenda kwa yule msimamizi, mzee wa heshima zake, nikamwambia kwa adabu kabisa mzee nimeona kuna tofauti, akanijibu mwanangu, wewe bado hujaolewa, yule ana familia. Nilitoka pale nikaenda kukaa chooni dakika kumi. Nilikuwa nalipia karo ya wadogo zangu wawili, na baba alikuwa ameshastaafu anasubiri pensheni ambayo ilichelewa. Familia nilikuwa nayo, ila haikuonekana kwake kwa sababu haikuwa na mume ndani.

Sijaiandika kwa chuki. Baadaye nilifahamiana na mhasibu wa pale, akanieleza jinsi pesa inavoingia, na nilipoelewa hasira ilipungua kidogo. Hospitali za misheni zinaweka bei ya chini makusudi ili mkulima aweze kuja, serikali inawapa ruzuku kidogo ya afya ya msingi, na kinachobaki kinazibwa na wafadhili wa nje, parokia fulani ya Ujerumani, kikundi fulani cha Italia. Mfadhili mmoja akifariki au akichoka, mishahara inasimama palepale miaka mitatu. Hivo hata yule msimamizi alikuwa anagawa kitu kidogo. Lakini kidogo hicho alikigawa kwa kuangalia nani anauliza na nani ana mke, na hapo ndo nilijifunza kwamba kuna vitu viwili tofauti, kuna ukubwa wa mfuko, na kuna mkono unaogawa.

Wakati huo serikalini hali ilikuwa mbaya kuliko kwetu. Daktari wa kawaida, yule aliyemaliza intanishipu ameandikishwa na baraza la madaktari ana leseni yake, alikuwa anapata milioni moja na kidogo kabla ya kodi. Novemba 2017 Chama cha Madaktari cha Uganda kikatangaza mgomo, mwenyekiti alikuwa Dr. Ekwaro Obuku, na kwa wiki kama tatu hospitali za serikali zilibaki na huduma za dharura tu. Sisi wa misheni tulifurika. Nakumbuka wodi ya watoto yenye vitanda 24 tulikuwa na watoto zaidi ya 60, wengine sakafuni kwenye leso za mama zao, na mimi moyo wangu ulikuwa umegawanyika vibaya sana, kwa sababu nilijua wenzangu wana haki na nilikuwa naona hao watoto kwa macho yangu. Mwaka wa fedha uliofuata, 2018/19, mshahara wa daktari wa kawaida serikalini ukapanda hadi milioni 3. Kwa hiyo ile namba haikuja kwa sababu madaktari walianza kutibu vizuri zaidi, wala kwa sababu magonjwa yaliongezeka, ilikuja kwa sababu watu walisimama pamoja na serikali ikakaa nao mezani. Sipendi mgomo, sitaki mtu anielewe vibaya, lakini siwezi kusimulia mshahara wangu nikaruka hiyo sehemu.

Basi na mimi nikaomba serikalini. Hapo nikajifunza kwamba serikali kuwa na upungufu wa madaktari na serikali kuwa na nafasi ya daktari ni vitu viwili. Wilaya inaweza kuwa na kituo cha afya daraja la nne, na thieta imejengwa, meza ya operesheni bado ina plastiki yake, lakini kama hakuna pesa ya mishahara iliyotengwa hawawezi kutangaza kazi. Wilaya nyingi nilizoulizia ilikuwa hivo. Waliotangaza walikuwa Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, na kule walitangaza kila mwaka kwa sababu watu wanaenda wanarudi. Nikafanya usaili mbele ya tume ya wilaya, nikapita, mama akalia akisema mwanangu unaenda kwa watu wa bunduki, baba akasema mwache, mimi nimekaa huko nikiwa kijana, ukiwaheshimu wanakuheshimu.

Baba alikuwa sahihi. Na Kiswahili cha kambini kilinisaidia sana kule, kwa sababu wazee wengi wa Kikaramojong wamesikia Kiswahili cha jeshi maisha yao yote, hivo tuliweza kuongea bila mkalimani, mzee anakwambia daktari, hii tumbo inauma tangu mvua ya kwanza, na unaelewa.

Pesa sasa. Miezi minne ya kwanza sikulipwa kitu. Barua ya ajira ninayo, kazi nafanya, lakini jina halijaingia kwenye peiroli, ile orodha ya mishahara, karatasi inatakiwa itoke ofisi hii iende ile, kuna namba inakosekana, kuna saini ya mtu ambaye yuko kwenye semina. Nilikopa kwa duka la Msomali pale senta, unga, mafuta, sabuni, aliandika kwenye daftari lake na hakunisumbua hata siku moja, Mungu ambariki huyo mzee. Kuna alawansi ya sehemu ngumu kufikika, asilimia 30 ya mshahara wa msingi, serikali iliipanga tangu 2010 kwa ajili ya wilaya kama hizo za Karamoja, visiwa vya Kalangala, Bundibugyo na kwingine, na ni kitu kizuri sana kwenye karatasi, yangu ilianza kuingia mwezi wa nane. Nawaambia vijana, ukienda sehemu ngumu nenda na akiba ya miezi sita au nenda na mtu wa kukukopesha.

Usiku mmoja kule, mwaka wa kwanza, baada ya operesheni mbili mfululizo, jenereta imezimwa nina tochi ya kichwani, nilichukua fomu iliyoharibika nikageuza nyuma nikapiga hesabu. Mshahara milioni 3. Kodi ya mapato Uganda wakati huo ilianza juu ya 235,000 kwa mwezi, na ukivuka 410,000 kila shilingi iliyozidi ilikatwa asilimia 30, kwa hiyo zilikatwa 802,000, nikabaki na 2,198,000. Halafu nikajumlisha masaa. Nilikuwa daktari peke yangu, kituo kizima, mwezi mzima niko zamu, manake kama mama anatoka damu saa nane usiku hakuna mwingine wa kuamshwa. Nilipata kama masaa 360 kwa mwezi na hapo sikuhesabu kulala na simu sikioni. Ilikuja kama shilingi 6,100 kwa saa. Kwenye mshahara wetu serikalini hakuna mstari wa usiku, hakuna mstari wa sikukuu, hakuna mstari wa idadi ya wagonjwa. Ukiwa mmoja au mkiwa wanne mnalipwa sawa kila mmoja. Aliyeko hospitali ya rufaa ambako wako madaktari kumi na anapumzika wikiendi analipwa sawa na wewe, ukitoa hiyo asilimia 30 kama imeingia.

Nina rafiki tulikaa naye dawati moja, alifanya mitihani ya Marekani akaenda, sasa hivi yuko hospitali moja kule anahudumia waliolazwa tu, hana klinik. Nilimsomea hesabu yangu kwenye simu akanyamaza. Akaniambia kule wengi wa kazi yake wanafanya siku saba mfululizo wanapumzika siku saba, na anayekubali kufanya usiku tu analipwa zaidi ya wa mchana. Na kuna kitu kinaitwa RVU, kila unachofanya kwa mgonjwa kina pointi zake, tangu 1992 bima ya serikali yao ya wazee inalipa madaktari kwa mfumo huo na kampuni nyingi za bima zikafuata, kwa hiyo hospitali nyingi zinakupa mshahara wa msingi halafu ukipita idadi fulani ya pointi wanakuongezea. Nikamuuliza basi mji mkubwa ndo wanalipa sana, akasema hapana, mara nyingi ni kinyume, miji mikubwa kila daktari anataka kukaa kwa hiyo hospitali haina haja ya kuongeza, miji midogo ya ndani ndani ndo inalipa zaidi ili mtu akubali kwenda. Hicho kilinikaa. Kumbe na wao wana Karamoja yao, tofauti ni kwamba ile nyongeza yao inaingia mwezi wa kwanza. Lakini pia akaniambia wenzake wengi wameanza kazi na deni la masomo la dola laki mbili hivi, na yeye mwenyewe aliondoka hapa akiacha mama mgonjwa, akamzika kwa video. Hiyo nayo iwekwe kwenye hesabu.

Mwaka 2022 ukaja mshahara wa wanasayansi. Rais alikuwa amesema siku nyingi kwamba wanasayansi walipwe vizuri, na kwenye mwaka wa fedha 2022/23 daktari wa kawaida akapanda hadi milioni 5. Ukitoa kodi 1,402,000 unabaki na 3,598,000 kabla ya makato mengine. Kwa mara ya kwanza nililala bila kufikiria lokamu, zile kazi za kibarua za pembeni kama ya Busia. Nilinunua mama jiko la gesi na nikamlipia mtu wa kuuza zile chapati.

Lakini kaka yangu anafundisha Kiswahili na historia sekondari. Mwalimu wa sayansi mwenye digrii alipandishwa hadi milioni 4, yeye wa sanaa akabaki pale alipokuwa, milioni moja hivi, na Juni 2022 walimu wakagoma na walirudi darasani bila kupata walichotaka. Tulikutana nyumbani Tororo Krismasi ile. Mama anasimulia jinsi nilivomletea jiko, wageni wanasifu, kaka amekaa pale kwenye kiti cha baba anamenya chungwa, anamenya polepole sana, ganda refu halikatiki, hasemi neno. Yeye ndo alinifundisha kusoma. Yeye ndo alikuwa anabeba begi langu kutoka Mbale hadi kambini nikirudi likizo. Siku ya pili asubuhi nilimfata nikamwambia kaka samahani, akasema samahani ya nini, si wewe uliyepanga. Ni kweli sikupanga mimi. Ila tangu siku ile siwezi kusema nalipwa kwa sababu nilisoma sana. Kaka alisoma sana. Mtu alikaa akaamua kipi kina thamani, na mimi nikaangukia upande uliochaguliwa, na kesho anaweza kuchagua vingine.

Maintani ndo waliliona hilo haraka. Mwishoni mwa 2021 baada ya kugoma waliahidiwa milioni 2.5 kwa mwezi, wakaanza kulipwa, halafu 2023 ikashushwa hadi milioni 1. Sio kwamba kazi ilipungua, mimi niko nao wodini, ndo wanaotoboa kanula, ndo wanaokimbiza damu maabara, ndo wanaoshika mtoto usiku. Ng'ambo tu ya barabara, Kenya, hadithi ileile, madaktari waligoma 2024 kuanzia katikati ya Machi hadi Mei mwanzoni, moja ya sababu ni kwamba intani aliandikiwa shilingi 206,000 za Kenya kwenye makubaliano ya 2017, serikali ikasema sasa ni 70,000. Nilikuwa napita mpaka wa Busia wakati huo nakutana na vijana wa kule wanauliza kwetu wanalipa ngapi, na wa kwetu wanauliza kule wanalipa ngapi, kila mmoja anaangalia ng'ambo.

Nikarudi kusoma, miaka mitatu ya ubingwa. Hapa watu wengi hawajui kwamba daktari anayesomea ubingwa Uganda anafanya kazi wodini kila siku na anaweza asilipwe kitu, labda kama ameajiriwa serikalini akapewa likizo ya masomo na mshahara wake unaendelea, kama mimi, au kama amepata mfadhili. Wenzangu wawili walikuwa wanajilipia ada wenyewe, mchana wako hospitali kuu, usiku wako klinik za Kampala wanafanya lokamu, asubuhi wanasinzia kwenye raundi. Walikuwa wazuri sana wale. Mmoja aliacha mwaka wa pili.

Nilichagua watoto. Daktari mmoja mkubwa ambaye namheshimu aliniita pembeni akaniambia binti yangu, watoto hawalipi, nenda mifupa, nenda upasuaji, una mikono mizuri. Na alikuwa anasema ukweli. Serikalini daktari bingwa analipwa kwa cheo, bingwa wa watoto na bingwa wa upasuaji wa cheo kimoja wako ngazi moja ya mshahara. Tofauti inakuja ukitoka nje jioni. Daktari wa mifupa akiweka chuma kwenye paja bili ni moja kubwa na sehemu yake ni kubwa. Mimi namwona mtoto wa degedege, nakaa na mama dakika arobaini namweleza dawa, namfundisha afanye nini mtoto akianza tena, na hiyo yote inaitwa konsaltesheni, bei moja, sawa na ningekaa dakika tano. Rafiki yangu wa Marekani anasema hata kule madaktari wa watoto wako karibu na mwisho kwenye orodha ya malipo na wapasuaji wa mifupa na ubongo wako juu. Inalipwa mikono kuliko maneno, hapa na kule. Nilichagua watoto nikiwa najua, na sijutii, ila ningeumia sana kama ningekuja kujua baadaye.

Jioni mbili kwa wiki naenda hospitali moja ya binafsi Kampala, wananilipa asilimia ya konsaltesheni. Mgonjwa wa pesa taslimu nalipwa mwisho wa mwezi. Mgonjwa wa bima nasubiri kampuni ilipe kwanza, siku 60, siku 90, kuna wagonjwa niliowaona mwezi wa pili nikalipwa mwezi wa sita, na wengine bima ilikataa kwa sababu fomu ilikosa saini. Na wenye bima wenyewe ni wachache, wengi wanatoa mfukoni kama yule wa boda. Muswada wa bima ya afya ya taifa wa 2019 Bunge lilipitisha Machi 2021 lakini haukuwa sheria. Huwa nautazama kama jambo la mgonjwa, na ni la mgonjwa kwanza kabisa, lakini ni la daktari pia, manake siku watu wote wakiwa na mfuko mmoja unaowalipia, mshahara wangu utaacha kutegemea kama mahindi ya mtu yameota.

Kuna kipindi nilitamani sana kazi za miradi. Miradi ya utafiti, miradi ya ukimwi inayolipwa na Wamarekani, daktari wa kawaida kule alikuwa anaweza kupata mara mbili ya serikali, ana gari, ana kompyuta, ana NSSF, ile akiba ya uzeeni, mwajiri anamwekea asilimia 10. Rafiki yangu wa karibu, tuliishi chumba kimoja chuoni, alikuwa huko miaka sita na kila mwaka ananiambia njoo. Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada, na barua ya kusimamisha kazi ikamfikia kwenye simu akiwa kijijini na timu, wana sampuli za damu kwenye boksi la barafu. Akanipigia akaniuliza hizi damu nizipeleke wapi. Hakuuliza mshahara, aliuliza damu. Mshahara aliuliza baada ya wiki mbili, na mkopo wa nyumba bado ulikuwa na miaka minne.

Juzi wodini intani mmoja, msichana wa Arua, ana akili sana na mkono mwepesi na watoto, amebakiza mwezi mmoja amalize, alinifata anacheka kwa furaha. Daktari, wamenipigia, kuna hospitali wanataka nianze mwezi ujao. Nikamuuliza wanalipa ngapi. Akasema milioni moja na nusu na nyumba. Nikamuuliza hiyo pesa inatoka wapi, kwa wagonjwa, kwa serikali, au kwa mfadhili, na kama ni mfadhili mkataba wake unaisha lini. Akanyamaza. Mko madaktari wangapi kwenye zamu? Hajui. Mshahara ni kabla ya kodi au baada? Hajui. Aliyekuwepo kabla yako alilipwa ngapi, na aliondoka kwa nini? Akaangalia viatu vyake. Nilijiona mimi na begi langu siku ile ya Jumatatu, nikamshika bega nikamwambia dada, wapigie, sio vibaya kuuliza, hata mama yako sokoni anauliza kabla ya kununua nyanya.

Alisema naogopa watachukua mtu mwingine. Nikamwambia hilo linaweza kutokea, sikudanganyi.

Akatoka akasimama kwenye korido pale karibu na sinki, nikamwona kupitia kioo, mkono mmoja na simu na mwingine umeshika kitambulisho cha shingoni anakizungusha. Nilikuwa na mtoto kwenye oksijeni kitanda cha tatu, pumu, miaka minne, nikarudi kumsikiliza kifua. Aliporudi akasema waliuliza kwa nini anauliza maswali mengi, halafu wakasema watampigia.

Walimpigia saa kumi na moja jioni. Wako madaktari watatu. Pesa ni ya wagonjwa, hakuna mfadhili. Wameongeza laki mbili, na nyumba, ameniambia akiwa ameshaanza kukimbia kwenda kuchukua damu ya kitanda cha saba, nyumba ina maji.